Ufunguo umezama Wesha: namna ya kubadilisha kitasa cha swichi ya gari

Ufunguo wa gari yangu uko chini ya maji Wesha, Pemba, pale zinapofunga boti za kisiwa cha Misali. Najua hasa ulipo kwa sababu niliusikia ukienda. Nilikuwa nashuka botini, mkono mmoja viatu, mkono wa pili ndoo ya samaki, na bamvua limejaa. Nilipoinama kuipokeza ndoo, ufunguo ukachomoka mfuko wa shati, ukagonga ubavu wa boti, ting, kisha kimya. Vijana watatu walipiga mbizi mpaka karibu na magharibi. Wakapata kandambili moja na kopo.

Ulikuwa ndio huo huo mmoja. Gari nyingi za mtumba zinazotoka Japani huja na ufunguo mmoja tu, na hii Corolla 110 yangu, ya mwaka 1998, ninayo mwaka wa sita. Kila nikipata mshahara nilisema mwezi ujao nachonga wa pili.

Sasa nikwambie mapema ili usihangaike kama mimi: kupotelewa na ufunguo hakukulazimu kununua kitasa kipya. Mimi nilinunua kwa sababu ya nyundo. Usiku ule aliletwa fundi mmoja, akatazama kitasa kwa tochi ya simu, akasema hii kazi ya dakika tano. Akachomeka bisibisi bapa, akaipiga nyundo mara nne, akaizungusha kwa spana. Ndani kukavunjika kitu. Kitasa hakikuzunguka, sukani haikufunguka, na tundu la ufunguo likabaki limepanuka kama mdomo wa chewa. Akaniambia basi tukate waya tuunganishe, nikamwambia hapana, asante, nenda nyumbani. Hata angewasha ingekuwa bure, sukani imejifunga na matairi yamekunja kushoto. Gari ya namna hiyo haivutwi kwa kamba. Utaipeleka mtaroni.

Asubuhi nikampigia ami yangu, fundi wa siku nyingi Chake Chake. Neno lake la kwanza halikuwa salamu. "Maalim, mumeshakipiga nyundo?"

Nikanyamaza.

"Haya. Nakuja."

Alichonifundisha chini ya mkungu pale pwani ndicho hiki.

Kitu tunachokiita swichi kwa jina moja ni vitu vitatu vilivyopandana. Cha mbele ni kitasa chenyewe, bomba dogo unamoingiza ufunguo, lenye vibati vya shaba na springi ndogo ndogo. Ufunguo sahihi huvilaza vibati vyote sawasawa ndipo bomba likazunguka. Cha pili ni nyumba ya chuma inayobeba kitasa, imekumbatia bomba la sukani, na ndani yake mna ulimi unaotoka kuizuia sukani ukishautoa ufunguo. Cha tatu, nyuma kabisa, ni swichi ya umeme, kikopo cha plastiki chenye plagi ya waya, kimeshikwa kwa skrubu mbili ndogo. Ufunguo ukipotea, hata kimoja katika vitatu hivi hakipotei nao. Na fundi akikwambia "swichi imekufa", muulize ipi.

Kabla hujagusa chochote, mambo mawili. Kwanza, nenda polisi na kadi ya gari ukachukue ripoti ya kupotelewa. Si urasimu mtupu: utaonekana barabarani umelala chini ya sukani na nyundo mkononi, na fundi wa funguo mwenye akili atataka kuona jina lako kwenye kadi kabla hajakuchongea. Ami yangu mwenyewe aliniomba kadi, na mimi ni mtoto wa kakaake.

Pili, ujue kama gari yako ina chipu, yaani kifaa ndani ya ufunguo ambacho kompyuta ya gari hukitambua ndipo injini iwake. Gari zilizouzwa Ulaya zililazimishwa kuwa na kizuizi cha injini tangu 1998, lakini zilizotengenezwa kwa soko la Japani miaka ile nyingi hazina, na yangu ni moja wapo. Dalili zake: kichwa cha ufunguo ni plastiki nene, kuna pete ya waya imezunguka tundu la swichi, na kwenye dashi kuna taa ndogo inayomemeta gari ikiwa imezimwa. Ukiziona hizo, usinunue kitasa kwa kudhani umemaliza. Kitazunguka vizuri, stata italia, na injini haitawaka au itawaka na kuzima hapo hapo, mpaka mtu mwenye mashine aisomeshe kompyuta ya gari ufunguo mpya.

Kama haina chipu, njia ya kiungwana huanzia mlangoni. Ufunguo mmoja hufungua mlango na kuwasha gari, kwa hiyo kitasa cha mlango kinaujua ufunguo wako uliozama. Gari yangu niliingia kwa mlango wa nyuma ambao watoto wameuharibu na haufungi. Ondoa ubao wa ndani wa mlango wa mbele, upande wa abiria, toa kitasa, kisafishe mafuta na chumvi. Kwenye baadhi ya Toyota za zamani utakuta nambari imepigwa muhuri juu ya kitasa hicho; nambari hiyo ndiyo ramani ya meno ya ufunguo, na hutakiwi hata kukifungua. Chetu kilikuwa na kutu tu.

Hapo ndipo nilipomuona ami yangu akifanya kazi ambayo ningelipa kiingilio kuitazama. Alikipeleka kitasa kwenye kibaraza, akatandika kitambaa cheupe ili springi zisipotee mchangani, akachomeka ufunguo mtupu usio na meno. Vibati vikachomoza nje ya bomba, kila kimoja kwa kimo chake. Akaweka alama kwa ncha ya msumari, akautoa ufunguo, akaupiga tupa mara mbili mahali pamoja. Akaurudisha. Akatazama. Tupa mara moja. Akaurudisha. Alikuwa hazungumzi, ila kila kibati kilipozama usawa wa bomba alisema "huyu kalala", akaenda kwa wa pili. Saa nzima na ushei. Wa mwisho alipolala, bomba likazunguka bila sauti.

"Ungeniita jana," alisema, "tungekwisha hapa."

Na kweli. Ufunguo ule ungeingia kwenye swichi na ningerudi Chake kabla ya adhuhuri. Hata ningetaka kitasa kipya, kazi ingekuwa nyepesi: unazungusha ufunguo mpaka alama ya ACC, unachomeka kipande cha waya mgumu kwenye kitundu kidogo kilicho kwenye nyumba ya kitasa, unabonyeza pini, unalivuta bomba zima linatoka mkononi. Pini hiyo haibonyei ufunguo ukiwa kwenye alama ya LOCK, pale gari inapofungwa. Kwa hiyo nguvu zote za bisibisi ni kazi ya bure, kitasa hakitoki kwa kupigwa mbele.

Changu kilishaharibika, ikabidi tutoe nyumba nzima. Anayefuata njia hii afuate hivi.

Toa waya wa hasi kwenye betri kwa spana namba 10. Gari ikiwa na eabegi, ngoja angalau sekunde 90 kabla ya kushika chochote karibu na sukani, na plagi za manjano usiziguse kabisa. Fungua skrubu za kifuniko cha plastiki kilicho chini ya sukani. Kinagawika nusu ya juu na nusu ya chini, na plastiki ya miaka ishirini na zaidi hukatika vishikizo ukiwa na haraka. Chomoa plagi ya swichi ya umeme, na ile ya taa iliyozunguka tundu kama ipo. Gari ya gia otomatiki mara nyingi ina kebo nyembamba inayotoka kwenye gia kuja kwenye kitasa. Ichomoe pole pole, usiikate. Yangu ni ya gia za mkono, haina.

Sasa utaona bolti mbili zisizo na vichwa. Usidhani zimeliwa. Kiwandani hukazwa mpaka kichwa kikakatika, ili mwizi asipate pa kushikia spana, na hapo ndipo wengi huchukua nyundo kubwa. Chukua ndogo. Weka tindo yenye ncha kwenye ukingo wa duara la bolti, uiegemeze upande, upige vipigo vidogo kuelekea kushoto. Ya kwanza ilikubali kwa vipigo kama kumi. Ya pili ilikataa. Ami akaitoboa katikati kwa keekee ya umeme iliyoazimwa kwa mafundi wa mashua, msumari wa keekee wa milimita 3 kwanza, kisha akachomeka kitolea bolti chenye meno ya kinyume. Usitoboe kwa msumari mnene tangu mwanzo, utauharibu uzi na bolti mpya haitashika.

Ulimi wa sukani ukiwa umebana, nyumba haitatoka hata bolti zikiwa zimekwisha. Mtu mmoja aichezeshe sukani kidogo kushoto na kulia ili mzigo utoke kwenye ulimi, mwengine avute. Ikatoka. Nikaishika mkononi, nzito kuliko nilivyodhani, na ndani yake vipande vya shaba vikilia kama sumni kwenye kibubu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya dakika tano.

Spea ilitoka Unguja, imepandishwa boti na kushushwa Mkoani, mtumba, pamoja na ufunguo wake: 70,000 mimi nilitoa, na nauli ya kuifuata Mkoani juu yangu. Unaponunua, piga picha ya plagi yako na uhesabu pini zake. Muombe muuzaji azungushe ufunguo mbele yako, na kwa mtumba akuonyeshe ulimi ukitoka na kurudi. Nyumba bila ufunguo wake usichukue hata kwa bure, utakuwa umenunua shida ile ile uliyonayo. Swichi ya umeme ya zamani kama ilikuwa nzima, ihamishe kwenye nyumba mpya kwa zile skrubu mbili, usiamini ya mtumba usiyoijua.

Kurudisha, funga bolti kwa mkono tu kwanza. Hapa ami alinikaza kauli kama mwanafunzi wa skuli. Kabla hujakaza, ingiza ufunguo, zungusha LOCK mpaka START na urudi, mara kadhaa. Ufunguo ukiuachia kwenye START lazima urudi wenyewe kwenye ON, la sivyo stata itabaki inazunguka na kuungua. Utoe, zungusha sukani mpaka ikabe. Uingize tena, sukani ifunguke bila kung'ang'ania. Ufunguo utoke kwenye LOCK pekee. Ukitoka kwenye ON, kitasa hicho kimelika, kirudishe dukani. Yote yakiwa sawa ndipo unakaza, bolti mpya za kiwandani mpaka vichwa vikatike. Sisi hatukuzipata, tukatia bolti za kawaida za ukubwa ule ule. Mwizi mwenye spana atashukuru, lakini zinabana vizuri, na hilo ndilo la maana: nyumba ikilegea, ulimi unaweza kuangukia mahali pake gari ikiwa mwendoni. Ndiyo maana gari iliyowashwa kwa bisibisi na kitasa kilichovunjika nusu mimi siipandi, hata kwa lifti ya kwenda mazikoni.

Rudisha betri mwisho. Washa, zungusha sukani kutoka ukingo mmoja mpaka mwengine gari ikiwa imesimama, sikiliza kama kuna kinachokwaruza. Kisha nenda pole pole palipo wazi, kata kushoto, kata kulia. Mimi nilizunguka mkungu mara tatu, watoto wa Wesha wakikimbia nyuma.

Ami hakutaka pesa. Alichukua changu wawili waliokuwa kwenye barafu tangu jana yake, na ile nyumba ya kitasa iliyovunjika, anasema springi zake atazitumia.

Sasa nina funguo za aina mbili: wa mlango, ule uliochongwa kwa tupa, na wa swichi uliokuja na spea. Vibati vya mlango vinaweza kupangwa upya vifuate ufunguo wa swichi ili ubaki mmoja, na ami ameahidi kuifanya kazi hiyo akimaliza msimu wa karafuu. Kwa sasa wa mlango nimeufunga uzi mwekundu. Wa swichi nilichongesha wa pili Chake siku ile ile kabla sijafika nyumbani. Mmoja anao mke wangu, kautundika msumarini jikoni nyuma ya kawa, na ameniambia nikienda Misali niuache wangu hapo hapo.