Fundi yuleyule, kazi tofauti: namna ya kusimamia watu saiti

Ukipewa saiti usimamie, acha kuuliza kama fulani ni fundi mzuri. Uliza hivi: kazi ya leo anaijua kiasi gani, na akikosea, kosa litarekebishika? Ukishajibu hayo utajua usimame karibu au mbali.

Siku ya kumwaga slabu hakuna kikao. Zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) likishatiwa maji halingoji mjadala, na nondo zikishafunikwa huzioni tena. Hapo mimi naamuru. Kabla mashine haijawashwa kila mtu anajua nafasi yake: wa kokoto, wa saruji, wa karai, wa vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege lishikamane. Wa maji namkabidhi ndoo ya kipimo na kumwambia, "Usiongeze hata kikombe bila kuniuliza." Vijana wa koleo hupenda zege jepesi, na maji yakizidi zege linakosa nguvu. Mwenye ushauri autoe jana yake, tunapokagua nondo.

Kupiga lipu ni habari nyingine. Fundi mzoefu mwoneshe ukuta, mwambie unene unaoutaka, kisha ondoka. Ukimganda mgongoni atanuna, na haki anayo. Rudi jioni na rula ndefu, iegemeze ukutani, utazame mwanga unapenya wapi.

Wasimamizi wengi hukwama hapa: fundi huyohuyo wa lipu, mtu mzima, leo unampa marumaru za bafuni kwa mara ya kwanza. Kwa kazi hii ni mwanafunzi, na hatakwambia. Usimfundishe mbele ya saidia fundi wake. Mimi humwambia, "Mzee wangu, hebu tuupange mstari wa kwanza pamoja." Tunamwaga maji kidogo sakafuni tuone kama yanakimbilia kwenye tundu, tunapanga marumaru kavu bila gundi, ndipo tunabandika. Mstari wa pili ni wake. Mimi napita tu kuchungulia.

Saidia mpya mpe hatua moja, aifanye ukimwona, ndipo umpe nyingine. Ila anayejua kazi na amepoa ghafla, usimwongezee maelekezo. Muulize kwanza kama kalipwa ya jana.

Kumwagilia slabu kwa siku 7 ndiyo kazi nyepesi kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika. Haihitaji darasa. Mkabidhi mtu mmoja, si "vijana", kisha pita asubuhi na jioni uliguse zege kwa mkono.