Fuata fedha hadi kwa mwenyewe: namna ya kutafuta ruzuku na feloshipu za utafiti

Watafiti wengi huanza kwa kuandika "ruzuku za utafiti" kwenye Google. Wanaangukia kurasa zenye orodha ndefu za matangazo: nusu yamepitwa na wakati, nusu nyingine hayawahusu. Orodha za namna hiyo ndizo mahali pabaya pa kuanzia. Kila mtu anaziona, na hazikwambii mfadhili huwapa fedha watu wa aina gani. Angalia feloshipu za Marie Skłodowska-Curie za Umoja wa Ulaya kwa waliomaliza uzamivu: maombi yalikuwa 10,360 mwaka 2024, yakaruka hadi 17,058 mwaka 2025, ilhali bajeti haikupanda. Si kwamba usiombe huko. Omba, lakini usiweke mayai yote humo.

Njia yenye tija zaidi inakwenda kinyumenyume. Tafuta kazi inayofanana na yako ambayo tayari imelipiwa, kisha fuata fedha hadi kwa aliyezitoa.

Kwanza, unatafuta nini hasa?

Feloshipu humlipa mtu: posho ya kujikimu, nauli, bima, pengine na ada. Ruzuku huilipia kazi: wasaidizi, vifaa, safari za uwandani, uchambuzi wa sampuli. Tofauti hii ina uzito wake. Ombi la feloshipu mara nyingi unalituma mwenyewe. Kwenye ruzuku, mwombaji kisheria kwa kawaida ni chuo, wewe ni mtafiti mkuu tu, na pasipo saini ya ofisi ya utafiti ombi halitoki mlangoni.

Andika kwenye karatasi moja: mada yako kwa sentensi isiyozidi maneno 25, tarehe kamili uliyotetea tasnifu au unayotarajia kuitetea, uraia wako, nchi ulizoishi katika miezi 36 iliyopita, mwezi kwa mwezi, kiasi unachohitaji na muda. Karatasi hii itakuokolea siku nyingi, kwa sababu maombi mengi hutupwa kwa vigezo hivi kabla ya mtu yeyote kusoma hoja yako.

Soma shukrani kabla ya matokeo

Chukua makala kumi za miaka mitano ya karibuni zilizo jirani na kazi yako. Usichague za magwiji. Chagua za watu walio kwenye hatua yako ya kitaaluma, au waliokutangulia kidogo tu. Gwiji hupata fedha kwenye mifuko ambayo wewe huwezi kuingia. Nenda ukurasa wa mwisho, juu kidogo ya marejeo, usome aya ya shukrani. Humo mna jina la mfadhili na mara nyingi namba ya ruzuku. Nakili vyote viwili, maana mfadhili mmoja anaweza kuwa na programu nyingi na namba ndiyo inayokuonyesha ni ipi.

Chuo chako kikiwa kinalipia Web of Science, hifadhidata ya makala za kitaaluma, huna haja ya kufungua makala moja moja. Tafuta mada yako pamoja na sehemu za ufadhili: FO kwa jina la mfadhili, FG kwa namba ya ruzuku, FT kwa maneno ya aya yenyewe ya shukrani. Panga matokeo kwa mfadhili uone nani anajirudia. Jina linalotokea mara tatu katika makala kumi lina thamani kuliko matangazo hamsini.

Ukishapata majina, hamia kwenye hifadhidata za miradi iliyokwisha kufadhiliwa. Hizi ni za bure: CORDIS kwa miradi ya Umoja wa Ulaya, GEPRIS kwa ile ya DFG, shirika la kufadhili utafiti la Ujerumani, Gateway to Research kwa Uingereza, NIH RePORTER (ya taasisi za taifa za afya) kwa afya na tiba nchini Marekani, na hifadhidata ya NSF (mfuko wa taifa wa sayansi wa nchi hiyo) kwa sayansi nyingine. RePORTER ina kifaa kiitwacho Matchmaker ambacho watu wachache hukitumia. Unabandika muhtasari wako, hadi herufi 15,000, nacho kinakuletea miradi inayofanana nao pamoja na majina ya maafisa wa programu, yaani watumishi wa mfadhili wanaoisimamia. Hata kama hutaomba NIH kamwe, utajifunza mada yako inaitwaje kwa lugha ya wafadhili. Mara nyingi si jina unalolitumia wewe, na hapo ndipo utafutaji wa awali hukwamia: fedha zipo, neno ndilo lililokosewa.

Mifuko binafsi isiyotangaza

Mifuko mingi binafsi ya Marekani haina matangazo ya maana, wakati mwingine haina hata tovuti. Lakini sheria ya kodi inaitaka ijaze kila mwaka fomu iitwayo 990-PF, na fomu hiyo ni ya umma. Unaweza kuisoma bure kupitia Nonprofit Explorer ya ProPublica au kwenye tovuti ya Candid. Tafuta jedwali la michango iliyolipwa mwaka huo: kila mstari una jina la aliyepewa, anwani, madhumuni na kiasi.

Usikimbilie jumla kubwa. Tazama mambo matatu. Je, wanaopewa ni watu binafsi, vyuo, au mashirika ya hisani tu? Kiasi cha kawaida ni kipi, yaani kile kinachojirudia katikati ya orodha? Majina ni yale yale mwaka hadi mwaka, au wageni huingia? Kisha angalia kisanduku kidogo ambacho mfuko hutia alama kusema kwamba hutoa kwa mashirika ambayo mfuko wenyewe umekwisha kuyachagua tu na haupokei maombi yasiyoitwa. Kikiwa na alama, funga faili uende kwa mwingine. Mtu asiyejua kisanduku hicho huandika barua nzuri za kurasa tano zinazoishia kimya.

Fedha ndogo zilizo karibu

Vyama vya kitaaluma, maktaba za utafiti na makumbusho hutoa fedha ndogo ambazo waombaji huzidharau. Newberry Library ya Chicago, Folger ya Washington na Huntington ya California hutoa feloshipu fupi kwa wanaotaka kutumia makusanyo yao. Ombi la aina hii hushinda au huanguka kwa jambo moja: umetaja masanduku, miswada na namba za katalogi, au umesema tu "makusanyo yenu tajiri"? Anayetaja namba anaonekana amekwisha kuanza kazi.

Ipo pia mifuko ya fani moja isiyojali uraia. Wenner-Gren ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1941, huwafadhili wanafunzi wa uzamivu wa anthropolojia kwa kazi ya uwandani bila kujali wanatoka nchi gani. OWSD, shirika la wanawake wanasayansi lenye makao Trieste, Italia, lina feloshipu za uzamivu kwa wanawake wanasayansi kutoka nchi zinazoendelea. Uwanja ukiwa mwembamba kiasi hiki, washindani nao hupungua.

Chuja kwa ukali

Sasa una majina ishirini au thelathini. Usifungue fomu ya maombi bado. Fungua mwongozo, tafuta sehemu ya vigezo vya kustahiki, na ulinganishe na ile karatasi yako. Miaka tangu uzamivu huhesabiwa kwa tarehe, si kwa hisia. Programu nyingi huongeza muda kwa likizo ya uzazi au ugonjwa, ila lazima udai na uambatishe ushahidi.

Kanuni ya kuhama ndiyo mtego mkubwa. Kwa feloshipu za Marie Skłodowska-Curie, usiwe umeishi au kufanya shughuli yako kuu katika nchi ya mwenyeji (taasisi itakayokupokea) kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho. Tuseme ulihamia nchi hiyo Mei mwaka jana na wito, yaani tangazo la kuomba, unafungwa Septemba mwaka huu. Hiyo ni miezi 16, umetoka nje. Lakini mwenyeji akiwa nchi jirani ambayo hujaishi, ombi lile lile linakubalika. Jua hili mwezi Januari, siyo Agosti ukiwa umeshapata mwenyeji.

Hakikisha pia programu iko hai. Orodha za mtandaoni bado zimejaa programu za USAID, ambayo ilifungwa mwaka 2025. Kipimo rahisi ni tarehe ya washindi wa mwisho kutangazwa: ikizidi miaka miwili, uliza kabla ya kuandika.

Zinazobaki, mara nyingi sita hadi nane, ziweke kwenye lahajedwali. Safu zinazotosha ni jina, kiasi cha juu, tarehe ya mwisho pamoja na saa na majira yake, tarehe ya mwisho ya ndani ya chuo, idadi ya barua za wadhamini (watu watakaokuandikia barua za kukupendekeza), na hatua inayofuata. Saa inasahaulika sana. Wito wa Umoja wa Ulaya hufungwa saa 11 jioni kwa saa za Brussels, siyo usiku wa manane kwako.

Mwandikie afisa wa programu

Hatua hii watu huiruka kwa woga, na ndiyo yenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Afisa hatakwambia kama utashinda, lakini atakwambia kama uko nje ya upeo. Andika mapema, wiki nane au zaidi kabla ya mwisho, na usiulize kilichomo kwenye mwongozo. Mfano:

"Ndugu Afisa wa Programu, ninaandaa ombi la wito wenu wa maji ya ardhini unaofungwa tarehe 15 Machi. Mradi utapima kasi ya chumvi kupenya kwenye visima vya pwani kwa miezi 18, na gharama yake ni takriban asilimia 80 ya ukomo wenu. Nina maswali mawili ambayo sikuona jibu lake kwenye mwongozo. Je, mtafiti mwenza aliye nje ya nchi ya chuo kinachoomba anaweza kulipwa posho? Na je, miezi sita ya mwisho ikiwa ya kuunda modeli tu, bila kupima uwandani, bado iko ndani ya upeo? Nimeambatisha muhtasari wa ukurasa mmoja. Natanguliza shukrani."

Inatosha. Jibu likiwa "mada hii huenda ikafaa zaidi kwingine", hiyo ni lugha ya adabu ya kukataa, na umeokoa miezi miwili.

Karatasi zinazochelewesha

Ruzuku za serikali ya Marekani hutaka chuo kiwe kimesajiliwa SAM.gov, mfumo wa usajili wa serikali hiyo, na kupata namba ya utambulisho iitwayo UEI. Kwa taasisi iliyo nje ya Marekani kuna msimbo mwingine wa kupata kwanza, uitwao NCAGE, na mzunguko mzima unaweza kula wiki kadhaa. Usajili huisha kila mwaka. Wakati mwingine chuo kilisajiliwa zamani na hakuna aliyeuhuisha. Kwa Umoja wa Ulaya utahitaji namba ya utambulisho ya chuo iitwayo PIC, yenye tarakimu tisa. Uliza pia kama wito unaruhusu ombi moja tu kwa kila taasisi. Ukiwa hivyo, shindano la kwanza ni la ndani, na huisha mapema kuliko tarehe iliyotangazwa.

Wadhamini wapewe wiki nne, pamoja na muhtasari wako, maelezo ya wito na mistari mitatu ya unachotaka kila mmoja akithibitishe. Usipofanya hivyo wote watasifu bidii yako, na hakuna atakayegusa mbinu za utafiti.

Kwenye bajeti, kosa la kawaida ni gharama za uendeshaji wa chuo. Ukomo ukiwa 25,000 ukijumlisha asilimia 10 ya uendeshaji, wengi hutoa asilimia 10 na kubaki na 22,500. Sivyo. Asilimia hiyo huhesabiwa juu ya gharama za moja kwa moja, kwa hiyo gawanya 25,000 kwa 1.10 upate 22,727. Wafadhili nao hutofautiana: miradi ya kawaida ya Horizon Europe, programu ya utafiti ya Umoja wa Ulaya, hutoa asilimia 25 sawa kwa wote, bila kuhesabu kazi za wakandarasi wadogo; mifuko mingine binafsi haitoi hata senti, na hapo chuo lazima kikubali kwa maandishi kabla hujatuma.

Na anayekudai ada ya "kushughulikia" ruzuku uliyokwisha kushinda, hasa ile ambayo hukuiomba, ni tapeli. Usimjibu.

Ombi likikataliwa, omba maoni ya wasomaji waliolipima wiki hiyo hiyo, kama hayakuja yenyewe. Wakisema hawakuelewa, rekebisha maandishi. Wakisema mada haimhusu mfadhili huyo, rudi kwenye lahajedwali. Kabla ya kutuma tena, soma kanuni ya kurudia: programu nyingine humzuia aliyepata alama za chini kuomba mwaka unaofuata, na kwa Marie Skłodowska-Curie kizuizi hicho huambatana na mwenyeji yule yule.