Somo: Neno "run" na maana zake nyingi

Maneno marefu ya Kiingereza yanatisha kwa sura tu. Ukishalijua moja, umelijua. Yanayotoa watu jasho ni yale mafupi, na sugu wao ni run. Katika kamusi kubwa ya Oxford, run ikiwa kitenzi peke yake imehesabiwa maana 645. Kwenye toleo la 1989 ingizo refu kuliko yote lilikuwa la set. Run ikaja kulipita. Usijaribu kuzikariri. Hata Waingereza wenyewe hawajazikariri.

Hatua ya 1: Kumbuka "piga"

Asubuhi unapiga mswaki, unapiga pasi, unapiga simu. Ukifika mjini unapiga foleni, jioni unapiga hodi kwa jirani, na siku nzima hakuna aliyeumia. Nani alikupa orodha ya maana za piga? Hakuna. Ulilizoea neno pamoja na lile linaloandamana nalo. Run nayo ishike hivyo hivyo: usiikodolee macho yenyewe, angalia nani anatenda na nini kinafuata.

Hatua ya 2: Nani anatenda?

Mtenda akiwa mtu mwenye haraka zake, ni mbio za miguu. Kipchoge ran in Vienna, 2019, akamaliza marathoni kwa saa 1:59:40. Hapo hakuna fumbo.

Mtenda akiwa pua, "my nose is running", ni kamasi zinachuruzika. Akiwa mfereji, maji yanatoka. "Matatus run until midnight": matatu zinabeba abiria hadi saa sita usiku. "The lease runs for two years": mkataba wa nyumba ni wa miaka miwili. Miguu haimo kabisa. Kilichopo ni kitu kinachoendelea bila kukatika.

Hatua ya 3: Nini kinafuata?

"She runs a salon in Kawangware": saluni iko mikononi mwake, yeye ndiye anaiendesha. Hospitalini, "run some tests" ni kufanya vipimo, na "the child is running a temperature" ni kwamba mtoto ana homa.

Ikifuatwa na for, mara nyingi ni siasa: "run for governor", kugombea ugavana. Hayo ni mazoea ya Marekani zaidi. Waingereza husema stand, na magazeti yetu yana mapenzi yao na vie. Lakini mgombea mwenza ni running mate hata kwetu, na duru ya pili ni run-off. Katiba ya Kenya ya 2010 inamtaka mgombea urais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Wote wakikosa, run-off hufanyika ndani ya siku 30. Kwa hiyo ukiisikia redioni usidhani kuna mtu ametoroka.

Hatua ya 4: Vijineno vya nyuma

Hapa ndipo penye kazi. Mwenzetu mmoja, tarishi katika ofisi ya mjini, alituletea ujumbe wa bosi wake:

"Running late. Run off ten copies and run them by the accountant before we run out of time."

Run nne, na hakuna hata moja inayomtuma akimbie. Running late: nachelewa. Run off ten copies: toa nakala kumi. Run them by the accountant: mwonyeshe mhasibu, azipitie aseme maoni yake. (Ukimpelekea na kuondoka bila kungoja neno lake, hujamaliza kazi.) Run out of time: kuishiwa na wakati. Hii run out ishike sana, maana ndiyo ya kila siku: unga umeisha, gesi imeisha, tokeni za stima zimeisha, zote ni run out.

Run into ina nyuso mbili. "I ran into my teacher on Moi Avenue": mmekutana bila kupanga. "The car ran into a pole": gari limegonga mlingoti. Run over ni kukanyaga mtu kwa gari, au mkutano kupitiliza muda wake.

Hatua ya 5: Umbo

Run, ran, run. "I have ran" si sahihi. Sema "I have run". Basi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kayole: Mwalimu, mimi ni wa boda. Niseme "I run a boda boda"?

Jibu: Ukiwa juu ya pikipiki mwenyewe, sema "I ride a boda boda". Ukiwa na pikipiki zako na umeajiri vijana, hapo sema "I run a boda boda business". Kwenye fomu ya mkopo tofauti hiyo ina uzito.

Mama wa Umoja: Nikimwambia daktari mgeni "I have a running stomach", ataelewa?

Jibu: Daktari wa hapa ataelewa mara moja, mama, maana ndivyo tunavyosema Afrika Mashariki. Mgeni huenda akasita. Mwambie "I have diarrhoea". Sisi tunaizoea kwa kuwa hata kwa Kiswahili chetu mtu huendesha gari, huendesha duka, na tumbo likichafuka, anaendesha.

Mwanachama wa Roysambu: Tangazo la nyumba liliandikwa "running water". Nimehamia, maji yanakuja Jumanne na Ijumaa. Nimedanganywa?

Jibu: Kwa lugha, hapana. "Running water" ni maji ya bomba ndani ya nyumba, siku hazijatajwa. Kabla ya kulipa dipoziti tena, uliza: "Does the water run every day?" Kisha fungua mfereji wa jikoni ukiwa hapo hapo, na umuulize jirani wa mlango wa pili.