SOMO: Unampeleka ndugu yako soba (nyumba ya kuachia pombe na dawa za kulevya)? Soma hapa kwanza, kuanzia begi mpaka siku anayotoka

Wanakikundi habari za jioni. Meseji zimekuwa nyingi kwaiyo naandika hapa mara moja wote msome. Mimi niko Mwanga hapa Kigoma, nilipita soba mwenyewe na sasa nazisaidia familia zinazotaka kupeleka mtu. Kitu ninachokisisitiza kuliko vyote ni mtu aende akijua ukweli. Mkimwambia mnaenda kumsalimia mjomba Dodoma alafu anajikuta ndani ya geti, wiki yote ya kwanza atapigana na nyie badala ya kupigana na arosto (mateso ya mwili unapoacha kilevi).

HATUA YA 1: Hospitali kabla ya safari
Hapa naomba msome taratibu. Kama anakunywa gongo au pombe kali kila siku tangu asubuhi, msimkatishe ghafla nyumbani na msimpandishe treni siku hiyohiyo aliyoacha. Watu wanaogopa unga (heroini) tu lakini arosto ya pombe ndo inayoweza kuua haraka. Kutetemeka na jasho vinaanza ndani ya siku moja, kifafa kinaweza kumdondosha ndani ya siku mbili, na kuanzia siku ya pili ya tatu anaweza kuweweseka, anaona wadudu ukutani, anaongea na watu ambao hawapo. Sasa fikiria hayo yamkute kwenye behewa kati ya Uvinza na Kaliua usiku, nani atamsaidia? Mpelekeni hospitali ya Maweni hapa Kigoma, au Kitete kwa walioko Tabora, mwambieni daktari ukweli anakunywa nini na kiasi gani. Kuna dawa za kumtuliza na vitamini B1 ya kulinda ubongo, akitulia ndo msafiri.

HATUA YA 2: Ihojini nyumba kabla ya kulipa
Ulizeni imesajiliwa wapi, mgonjwa akizidiwa usiku anapelekwa hospitali gani, hela mnayolipa inahusu chakula na dawa au kitanda tu, na anakaa mda gani (miezi mitatu mpaka sita ni kawaida). Ombeni kuona wanapolala. Mkizuiwa kuona wanapolala, ondokeni.

HATUA YA 3: Begi
Nguo za kawaida, shuka mbili, kandambili, mswaki, sabuni, daftari na kalamu. Pafyumu na dawa ya maji ya kusukutua mdomo acheni, nyingi zina spiriti. Simu na hela atakabidhi. Kama anatumia ARV, dawa za TB au za kifafa zipelekwe na kadi yake na akabidhiwe msimamizi mbele yenu, zisikatike hata siku moja. Na mumuandae kwa kusachiwa mana inauma mtu akiwa hajui: wanakunjua pindo la suruali, wanachomoa soli ya ndani ya kiatu, wanaiminya dawa ya meno kwa vidole kuanzia chini mpaka juu. Sio dharau, kete moja (kipakiti cha unga) ikiingia ndani inaangusha nyumba nzima.

HATUA YA 4: Siku za arosto
Kwa mtu wa unga inaanza masaa sita mpaka kumi na mbili toka avute au ajidunge mara ya mwisho, inapanda sana siku ya pili na ya tatu, alafu ndani ya wiki inashuka. Miayo isiyoisha, machozi na makamasi, vipele vya baridi, tumbo linakata na kuhara, miguu inarusha yenyewe usiku kucha. Kwa mtu mwenye afya hii kwa kawaida haiui, kinachomaliza watu ni kukaukiwa maji, kwaiyo ORS, uji mwepesi, maji kidogokidogo. Kwenye nyumba nzuri hapo utawaona wenzake wanapokezana kukaa naye, mmoja anamkanda miguu mwingine ameshika ndoo, na wote walishalala kwenye godoro hilohilo wakitapika.

HATUA YA 5: Maisha ya kila siku
Kuamka alfajiri, usafi, kikao, zamu ya jikoni, kikao tena, kuandika. Nyumba nyingi zinafuata hatua 12 za kile chama cha walevi wanaoacha pombe kilichoanza Marekani mwaka 1935. Kinachochosha ni kuongea mbele za watu mambo uliyoyaficha miaka. Na mwili ukishapona, ile wiki ya tatu hivi, kichwa kinaanza kusema "mi nshapona, nirudi kwa watoto". Mjue mapema kwamba hiyo siku inakuja.

HATUA YA 6: Kutoka
Mwili ukishakaa miezi bila unga unasahau kuuhimili. Kipimo kilekile cha zamani kinaweza kumkata pumzi mara moja, mwambieni hivyo wazi kabisa. Nyumbani pia pajiandae. Kama ni mvuvi wa dagaa asirudi wakati wa mbalamwezi, boti zimelala Kibirizi, watu wana hela na hawana kazi. Tabora angalieni msimu wa malipo ya tumbaku.

MASWALI

Dada wa Isevya: Mdogo wangu ni bangi tu, ila siku hizi anacheka peke yake na anasema majirani wanamtangaza redioni. Soba watampokea?
Jibu: Dada, aanzie Kitete kwa daktari wa akili, na ikibidi watampa rufaa Mirembe Dodoma. Soba inakuja baadae akishatulia.

Mdau wa Gungu: Kaka, methadone (dawa ya hospitali anayopewa mtu wa unga) si ni kumtoa kwenye unga mmoja kumtia kwenye mwingine?
Jibu: Hapana kaka. Anakunywa kila siku mbele ya mhudumu, kwa kipimo, hapati stimu ya kete na haumwi arosto, anaweza kufanya kazi. Muhimbili walianza 2011, sasa ipo Dodoma na Mwanza pia, kliniki za serikali ni bure. Kama yuko kwenye dawa za TB amwambie daktari, rifampisini inaishusha methadone mwilini na arosto inarudi.

Mama wa Ujiji: Nimepata nyumba wamesema siku za kwanza atafungwa mnyororo asitoroke. Nikubali?
Jibu: Shikamoo mama. Usikubali. Aliyefungwa akipata kifafa au akitapika amelala chali anakufa hapohapo. Toa taarifa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, 119, kupiga ni bure.

Mke wa mtu, Kanyenye: Mume wangu yuko soba, kaomba simu ya ofisi, analia, anasema anateswa nimtumie nauli. Nifanyeje?
Jibu: Pole sana dada. Usipuuze na usitume hela kwake. Muulize anateswaje, akitaja kupigwa, kunyimwa chakula au dawa, nenda mwenyewe au tuma ndugu wa karibu leo hii na adai kumuona akiwa peke yake. Akisema amechoka vikao na amewamiss watoto, mwambie utampigia jumapili ukiwa nao, na kweli umpigie.