SOMO: Dar mpaka Johannesburg kwa basi, kata safari vipande vinne

Wakuu heshima kwenu. Watu wengi wananiuliza Joburg kwa barabara unaendaje, nikimjibu mmoja anakuja mwingine na swali lile lile, kwa hiyo leo naandika lote mara moja. Njia hii nimeipita mara tatu, mbili kupitia Botswana na moja kupitia Harare.

Kikubwa kuliko vyote nakisema mwanzo kabisa: usikate tiketi moja ya Dar mpaka Joburg. Safari yangu ya kwanza nilikata ya hivyo kwa wakala mmoja, nikaambiwa ni kukaa tu kwenye siti mpaka unashuka Joburg, kufika Nakonde, ng'ambo ya Tunduma upande wa Zambia, konda anasema gari linaishia hapa, lingine linakuja kutuchukua. Tulilisubiri siku mbili, hela imeshaenda, simu ya wakala haipatikani, na kulikuwa na mama ana mtoto mchanga mgongoni ikabidi abiria tuwe tunamchangia chai na gesti. Tangu siku hiyo nakata vipande, kila kipande nalipia nikiwa nimesimama mbele ya basi lenyewe, na nikichoka nalala.

KABLA HUJATOKA

Mtanzania huhitaji viza Zambia, Botswana, Zimbabwe wala Afrika Kusini kwa matembezi, Afrika Kusini mwisho ni siku 90. Pasipoti iwe na kurasa tupu za kutosha, maana kila mpaka unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia. Chanja homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya kusafiri na kadi ya njano itembee ndani ya pasipoti. Kama una ya zamani imeandikwa miaka 10 usihangaike kuchanja upya, tangu 2016 inahesabika ya maisha yote.

Hela beba dola, ziwe safi, na nyingi ziwe noti ndogo. Andika kwenye karatasi jina na namba ya mwenyeji wako Joburg, usitegemee simu, simu inazima chaji mpakani pale pale afisa anapokuuliza unaenda kwa nani.

KIPANDE CHA KWANZA: DAR MPAKA TUNDUMA

Unapandia stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku lakini mimi nashauri la alfajiri, na usiende Tunduma moja kwa moja, shuka Mbeya ulale. Dar mpaka Mbeya ni kama kilomita 830, unapita katikati ya hifadhi ya Mikumi, unapanda Kitonga, Iringa, Mafinga, Makambako, ukifika mgongo umekufa. Mbeya kuna gesti nzuri na baridi yake, asubuhi unachukua kosta ya Tunduma kama kilomita mia moja hivi, unafika mpakani akili imetulia. Ukiingia Tunduma usiku umechoka na begi kubwa, wale vijana wa mpakani wanakusoma kabla hujashuka ngazi.

Mpaka wenyewe ni wa kituo kimoja, unamalizana na Tanzania na Zambia sehemu moja. Humhitaji dalali hata mmoja. Atakuja kijana anataka kukushikia pasipoti akupeleke dirishani, mwambie asante na pasipoti isitoke mkononi mwako. Kubadilisha hela nenda dukani au benki, wale wa mkononi wana mchezo wa kukunja noti, unahesabiwa mbele ya macho yako inatimia, ukija kuhesabu kwenye basi imepungua. Na saa rudisha nyuma saa moja. Zambia, Botswana na Afrika Kusini wote wanatumia saa hiyo, hutagusa tena mpaka unarudi.

KIPANDE CHA PILI: NAKONDE MPAKA LUSAKA

Hiki ndicho kirefu na ndicho kinachovunja watu moyo. Ni kama kilomita 1,000: Isoka, Chinsali, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Kabwe, ndiyo Lusaka. Pori, miti, vijiji vya mbali mbali, tena pori. Zambia walishapiga marufuku mabasi ya abiria kutembea kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo ukipanda la mchana jua mtapaki mahali mtalala ndani ya gari, na kule juu mwezi wa sita na wa saba baridi si mchezo. Beba shuka au kitenge kizito, maji, biskuti na karatasi za chooni. Mimi siku hizi nalala mpakani napanda la alfajiri.

Nakonde Kiswahili kinakubeba vizuri tu, ukishapita Mpika kinaisha. Chakula usiogope, nshima ni ugali, na kapenta ni dagaa, tena dagaa wale wale wa Ziwa Tanganyika ndio waliopandikizwa Ziwa Kariba miaka ya 1960. Kuna mama mmoja Mpika alinipimia kapenta na majani ya maboga yaliyoungwa karanga nikasahau kama nimekaa kwenye basi toka alfajiri.

Lusaka unashukia stendi ya Intercity, iko barabara ya Dedan Kimathi, ndiyo, Kimathi wetu huyu huyu wa Mau Mau. Wapiga debe wake ni wakali, wanavuta begi. Lala Lusaka usiku mmoja hata kama unajiona una nguvu.

KIPANDE CHA TATU: LUSAKA MPAKA KASANE

Lusaka kwenda Livingstone ni kama kilomita 480, lami nzuri, unapita Mazabuka, Monze, Choma. Ukiwa na nafasi lala Livingstone ukaone maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria Falls), usipite pale kama mzigo. Asubuhi unachukua gari la kwenda Kazungula, mwendo wa kama saa moja, ni mpakani na Botswana, na Kasane ndio mji wa jirani ng'ambo.

Hapa kuna daraja lililofunguliwa Mei 2021, urefu mita 923, na limepinda. Limepinda kwa sababu nchi nne karibu zinagusana pale mtoni, Zambia, Botswana, Namibia na Zimbabwe, wakalipindisha lisikanyage upande wa Zimbabwe. Kabla ya hapo ilikuwa pantoni, madereva wa malori wanakaa foleni siku na siku. Nililipita kwa mara ya kwanza nikasimama kidogo kuuangalia Zambezi unavyotembea chini kimya, nikawafikiria wale waliosota pale miaka yote.

Botswana wana ukaguzi wa magonjwa ya mifugo, utaambiwa ushuke ukanyage viatu kwenye dawa, na nyama mbichi au maziwa wanakunyang'anya. Msalimie afisa, "dumela rra" kwa mwanaume na "dumela mma" kwa mwanamke. Batswana salamu wanaijali sana, ukiingia na shida yako bila salamu unahudumiwa polepole.

KIPANDE CHA NNE: KASANE, GABORONE, JOBURG

Panda asubuhi. Kasane mpaka Nata ni kilomita kama 300 za tembo, nchi hii ina tembo zaidi ya 130,000 na barabara ile wanaivuka wanavyotaka, usiku dereva hawaoni. Baada ya Nata ni Francistown, halafu Gaborone. Hela yao pula, maana yake mvua, na nchi ile kavu utaelewa kwa nini.

Gaborone kuna vibasi vya Joburg, unavuka Tlokweng kuingia Afrika Kusini upande wa Kopfontein. Ukishagongewa, simama pembeni usome muhuri wako kabla hujatoka, angalia tarehe ya mwisho, maana afisa anaweza kukupa siku chache kuliko ulizoomba. Ukizidisha siku, hata chini ya mwezi, unafungiwa kuingia miezi 12, ukizidisha zaidi ya siku 30 ni miaka 5.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, kwa nini usipande treni ya TAZARA tu mpaka Kapiri?
Ikiwepo na una muda panda, mimi naipenda kuliko basi. Ni kilomita 1,860, na kipande cha Mlimba kwenda Makambako, mahandaki na madaraja, hakuna basi linalokuonyesha vile. Ila inachelewa, na kuna vipindi treni ya abiria inasimama kabisa, kwa hiyo nenda stesheni uulize mwenyewe wiki hiyo hiyo. Na inaishia New Kapiri Mposhi, Lusaka bado kama kilomita 200 za basi.

Kaka, nasikia madereva wa IT, wale wanaopeleka magari ya bandarini nchi jirani, wanabeba watu mpaka Tunduma kwa bei poa, vipi hiyo?
Usipande. Gari la IT haliruhusiwi kubeba abiria, huna bima, na wengi wanakimbia usiku wakiwahi kurudi Dar kuchukua gari lingine. Nimeona magari yale yakiwa chini ya lori pale Igawa, sitaki kusema zaidi.

Harare au Botswana, ipi bora?
Harare ni fupi, unavuka Chirundu kuingia Zimbabwe halafu Beitbridge kuingia Afrika Kusini, na Lusaka kuna mabasi yanayokwenda hivyo. Tatizo ni Beitbridge, karibu na Krismasi na Pasaka Wazimbabwe wote wanaoishi Afrika Kusini wako pale, foleni ni ya kutoa machozi. Botswana ni ndefu lakini mipaka yake ina utulivu. Ukipita Zimbabwe beba dola moja moja na tano tano, chenji ni shida.

Mimi Mkenya, niko Mombasa, hii inanihusu?
Inakuhusu, tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza, siku 90 kwa mwaka. Njoo Dar kupitia Horohoro halafu fuata somo.

Kaka, mimi ni dada na nasafiri peke yangu. Niogope?
Dada yangu usiogope ila panga. Kaa siti ya mbele karibu na dereva, kaa na mama wa makamo, wafanyabiashara wa Kitanzania wanaofuata mzigo ni wengi njia hii na wakishakujua wanakulinda kama mtoto wao. Gesti ulizia kwao, usiulizie kwa wapiga debe. Na usikubali kabisa kufika mji mpya usiku.

Nikifika Joburg nashukia wapi na natokaje?
Mabasi mengi yanakuleta Park Station, stesheni kuu ya katikati ya jiji, au mitaa ya jirani. Fika mchana. Usitoke nje na begi kutafuta usafiri, kaa ndani mwenyeji aje akuchukue, na simu usiitoe mtaani. Kama lazima upande teksi zao, ni vipanya kama vyetu tu ila hakuna konda, nauli inapitishwa mkono kwa mkono mpaka mbele na anayekaa pembeni ya dereva ndiye anayehesabu na kurudisha chenji, kwa hiyo siku ya kwanza kaa nyuma.