Kuzamia na mwenzako anayemaliza hewa kabla yako

Wengi wetu wa Kisumu hufanya mazoezi bwawani mwaka mzima, kisha huenda Watamu au Kisite kule pwani kwa siku chache za kaskazi, bahari ikiwa tulivu na maji maangavu. Siku hizo zimegharimu pesa. Ndiyo maana mmoja akipanda botini na baa 50 (baa ni kipimo cha shinikizo la hewa) mtungini na mwenzake akapanda na 110, nyuso hubadilika. Kinyongo hicho ni cha hatari, kwa sababu aliyeaibishwa leo ataficha geji yake ya hewa kesho. Someni hatua hizi wawili wawili kabla ya safari.

Hatua ya 1: Kila mmoja ajue anavyotumia hewa.
Shukeni baharini hadi mita 10, ogeleeni taratibu kwa dakika 10, na kila mtu aandike geji ilipoanzia na ilipofika. Tuseme mtungi wako ni wa lita 12 na umeshuka baa 40. Zidisha 40 kwa 12, upate lita 480, yaani lita 48 kwa dakika. Katika mita 10 za bahari shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, kwa hiyo gawa kwa 2: unatumia lita 24 kwa dakika ukiwa juu ya maji. Mwenzako aliyeshuka baa 23 tu anatumia kama lita 14.

Tofauti hii ni ya kawaida kabisa. Mwili mkubwa, baridi, wasiwasi, vipande vingi mno vya risasi vya kuongeza uzito kwenye mkanda, mikono inayopigapiga maji: vyote hula hewa. Msiifanye kuwa kipimo cha nani ni mzamiaji bora.

Hatua ya 2: Panga kwa namba ya anayetumia zaidi.
Wawili hao wakienda mita 10 na baa 200 kila mmoja, wa lita 24 atafika baa 100 baada ya dakika 25. Wakati huo mwenzake bado ana kama 140. Safari yenu basi ni ya dakika 25 kwenda na kurudi, kisha mnaanza kupanda, na mkubaliane hivyo mkiwa nchi kavu. Likisemwa mapema, hakuna aliyenyang'anywa kitu. Likigunduliwa chini ya maji, kila mmoja huona mwenzake amemharibia.

Hatua ya 3: Akiba ni ya watu wawili.
Hapa ndipo mwenye hewa nyingi hukosea, akidhani ziada yake ni ya kutazamia samaki. Piga hesabu ya mita 15. Mtungi wa mmoja umekwama na wote wawili wanapumua kutoka mtungi mmoja. Kwa pamoja hutumia lita 38 wakiwa watulivu. Kwa hofu weka mara mbili, 76. Dakika moja ya kujipanga chini, dakika mbili za kupanda, dakika tatu za kusimama mita 5 kwa usalama kabla ya kutoka majini: jumla inakaribia lita 800. Katika mtungi wa lita 12 hiyo ni kama baa 67. Baa 50 tulizozoea kuziita akiba hazitoshi. Kwa kina hicho, mimi huwaambia wanafunzi waanze kupanda kabla mtungi wowote haujashuka chini ya 70.

Hatua ya 4: Ulizaneni mkiwa chini.
Anayetumia kidogo ndiye aulize mara kwa mara, maana mwenzake anaweza kuona haya kujitaja. Ishara za namba hutofautiana kutoka shule hadi shule, basi zifanyieni mazoezi botini. Anayetumia zaidi aogelee mita moja au mbili juu ya mwenzake, shinikizo limpungukie, na mwendo uwe wake.

Hatua ya 5: Kidole gumba kikielekea juu, mnapanda wote.
Hakuna kubembelezana. Pandeni taratibu, mita 9 kwa dakika au pungufu, msimame mita 5 kwa dakika tatu. Mkifika botini, maneno "ungenivumilia kidogo" yasitoke kinywani mwa mtu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mwenzangu hunipa oktopasi yake (mdomo wa pili wa kupumulia) katikati ya safari ili mitungi yetu ilingane. Ni sawa?*

Najua wako viongozi wanaofanya hivyo, lakini sikubali. Ule mdomo wa akiba ni wa dharura. Mkiutumia kurefusha matembezi, mnafungwa pamoja kwa mpira mmoja na kula hewa ile ile ambayo ingewaokoa. Omba mtungi wa lita 15, na uombe siku kadhaa kabla. Ukijazwa baa 200 una lita 600 zaidi, ambazo kwa mtu wa lita 24 ni dakika 12 na nusu katika mita 10.

*Mume wangu hununa nikimaliza hewa. Nimeanza kubana pumzi ili niokoe.*

Dada, acha leo hii. Ukipanda umebana pumzi, hewa inatanuka na inaweza kupasua mapafu. Hata usipopanda, kaboni dioksidi hujaa mwilini, kichwa kikauma, ukaishia kuhema zaidi. Punguza risasi ukiwa na mwalimu, tuliza mikono, toa pumzi ndefu kuliko unavyoivuta. Naye shemeji asome hatua ya 2 na ya 3 mbele yako.

*Kwa nini tusijifunzie hapa Dunga badala ya kwenda mbali?*

Ghuba ya Winam, sehemu ya Ziwa Victoria iliyo Dunga, ina maji ya matope, gugumaji, nyavu, viboko na kichocho. Pia ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jedwali za kuzamia baharini, zinazoonyesha muda salama kwa kila kina, haziwezi kutumika huko bila marekebisho. Kwa wanaofunzwa, sishauri.

*Niko Nakuru. Mimi hutumia hewa kidogo sana, kwa hiyo nitapanda basi la usiku siku ile ile ya kuzamia. Kuna shida?*

Ipo. Nitrojeni ya hewa unayovuta huingia mwilini kwa kadiri ya kina na muda uliokaa chini, na ukipanda mahali pa juu mapema mno inaweza kufanya mapovu mwilini. Geji iliyobaki imejaa haikulindi, wewe na mwenzako mmebeba karibu mzigo ule ule. Barabara ya kutoka Mombasa hupita Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu, na anayeendelea hadi Kisumu hupanda tena milima ya Mau. Kwa mwili wako huko ni kama kukaa ndani ya ndege. Tumia kanuni ya ndege: angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, 18 ukiwa umezamia mara kadhaa au siku mfululizo. Zamia asubuhi, lala pwani, kata tiketi ya kesho yake.