Jinsi ya kuishi siku nzima na redio ya Uingereza ya 1936 ukiwa sebuleni kwako

Kama unapenda redio za zamani kuna zoezi moja nakusihi ulifanye walau mara moja: chagua siku ya kawaida ya miaka ya 1930 huko Uingereza, kabla ya vita, halafu uisikilize kuanzia asubuhi mpaka saa sita usiku kwa ratiba ileile waliyokuwa nayo wao. Vipande vya dakika mbili mbili vya YouTube havitoshi kabisa, nataka uikae siku yote na saa zake zote na ukimya wake, maana ukimya ndo utakufundisha mengi kuliko hata muziki.

Ujue mapema kwamba hakuna rekodi ya siku nzima inayokusubiri. Wamarekani wanayo moja, stesheni ya WJSV ya Washington ilirekodi matangazo yake yote ya tarehe 21 Septemba 1939 na inapatikana bure mtandaoni, ila BBC ya wakati ule ilikuwa karibu kila kitu kinaenda laivu na kikishapita kimepita. Kwa hiyo siku yako utaijenga mwenyewe.

Anza na ratiba. Ingia BBC Genome, siku hizi inaitwa BBC Programme Index, ni bure, wameweka humo ratiba za gazeti la Radio Times tangu lilipoanza Septemba 1923. Weka tarehe unayotaka, mimi nakushauri Jumanne au Jumatano yoyote ya 1936 wakati shule zimefunguliwa, nitakwambia kwa nini. Utakuta idhaa mbili, National Programme ambayo ilisikika nchi nzima kwa masafa marefu ya mita 1500 kutoka mnara wa Droitwich, na Regional ambayo kila eneo lilikuwa na ya kwake. Shika National ndo iwe mgongo wa siku, Regional iwe ya kuchungulia. Nakili ratiba kwenye karatasi kwa mkono. Halafu tumia saa ya ukutani kwako, usihangaike kuhesabu tofauti ya Greenwich na Nairobi au Dar, kama ratiba inasema saa nne na robo asubuhi basi ni saa nne na robo yako.

Sasa sauti. Tafuta rekodi za santuri za bendi za dansi za London, Internet Archive zimejaa tele, Henry Hall, Ambrose, Jack Hylton na wengine, na orkestra za BBC zikiongozwa na Adrian Boult. Rekodi hizo zilifanyiwa studio, sio zilezile zilizokwenda hewani, lakini wapigaji ni walewale na nyimbo ni zilezile. Hotuba chache zipo kwenye hifadhi ya rekodi za zamani ya BBC. Pale ambapo huna kitu acha patupu, usijaze na chochote.

Chombo: spika moja tu, tena ndogo, na simu ukaiweke chumba kingine. Nyumba nyingi za Uingereza wakati huo zilikuwa bado hazina umeme, redio ikawa inatumia betri kavu kubwa ya volti 120 hivi pamoja na betri ya asidi ya volti 2 iliyokaa kwenye kopo la kioo lenye kishikio, na hiyo ya asidi kila baada ya wiki moja au zaidi kidogo mtoto anatumwa nayo duka la baiskeli au la redio ikachajiwe, anaibeba kwa uangalifu asidi isimmwagikie miguuni, huku nyingine iliyokwisha kuchajiwa anarudi nayo. Waliokua kwetu wakipeleka betri ya gari kuchajisha senta ili Jumapili watazame mpira wanaelewa vizuri hapa. Umeme unahesabiwa, kwa hiyo redio haiachwi ikipiga kelele peke yake. Na wewe fanya hivo, washa kipindi, kikiisha zima.

Asubuhi haina haraka. Saa nne na robo ni ibada fupi ya kila siku, iliyoanza 1928, halafu saa nne na nusu milio sita ya saa ya Greenwich na hali ya hewa ya wakulima na mabaharia. Baada ya hapo mazungumzo ya kina mama wa nyumbani kuhusu mapishi na malezi, muziki wa kinanda, orkestra ya hoteli wakati wa chakula cha mchana. Vipindi vya shule ndo sababu nilikwambia uchague siku ya masomo, kwa sababu darasa zima linakaa kimya mbele ya spika na mwalimu ana kijitabu chenye picha kinacholingana na kipindi, nadhani ni moja ya kazi nzuri zaidi ambazo redio imewahi kufanya popote.

Kati ya kipindi na kipindi kulikuwa na mapengo ya makusudi, dakika nzima au zaidi bila neno, wakati mwingine mlio wa saa tu ukienda tik tik. John Reith, mkuu wa BBC wakati huo, na watu wake walitaka msikilizaji achague anachosikiliza, asiache redio itiririke kama bomba. Heshimu mapengo hayo! Hapo ndo utasikia hamu inavyojengeka ndani yako kabla ya kipindi kuanza, kitu ambacho plelisti haikupi.

Saa kumi na moja na robo jioni siku inageuka. Watoto wana Children's Hour, na vijana wanamsubiri Henry Hall na bendi yake ya BBC. Saa kumi na mbili taarifa ya habari, na angalia, hiyo ndo ya kwanza siku nzima, kwa sababu wenye magazeti walikuwa wameibana BBC isiwawahi. Tarehe 18 Aprili 1930, Ijumaa Kuu, mtangazaji alifungua maikrofoni akasema hakuna habari, ukafuata muziki wa piano. Jina la msomaji hutalisikia, hawakujitaja enzi hizo, ila usiku anasoma amevaa suti nyeusi ya karamu ingawa hakuna anayemwona.

Usiku panga kama walivyopanga, tamthilia au konseti, mazungumzo ya mtaalamu, taarifa nyingine ya habari, na kuanzia kama saa nne na nusu muziki wa dansi moja kwa moja kutoka hoteli za London mpaka saa sita. Hapa usiwe mchoyo, sogeza viti.

Ukipenda michezo ongeza zoezi hili. Tarehe 22 Januari 1927 Arsenal walicheza na Sheffield United pale Highbury, ndo mechi ya kwanza ya ligi kutangazwa laivu redioni, iliisha 1-1. Radio Times walichapisha ramani ya uwanja iliyogawanywa miraba minane, mtangazaji anaeleza mchezo na mwenzake pembeni anataja namba ya mraba mpira ulipo. Chora ramani hiyo, mwekee mtu kipande cha mechi ya leo bila picha na wewe utaje namba. Ndani ya dakika tano ataanza kuuona uwanja kichwani.

Siku nyingine jaribu Jumapili, nayo ni habari tofauti kabisa. Reith aliitaka iwe siku ya ibada na muziki mzito, asubuhi karibu yote kimya, kwa hiyo watu mamilioni wakageuza kitufe kwenda Radio Luxembourg na Radio Normandy zilizorusha dansi na matangazo ya biashara kutoka ng'ambo ya bahari. Luxembourg ilikuwa na kipindi cha watoto cha kinywaji cha Ovaltine chenye wimbo wao na lugha ya siri ya wanachama. Kwenye karatasi yako piga mstari katikati, kushoto BBC, kulia Luxembourg, na kila saa mwachie mtoto wa nyumbani achague upande.